Tundu la Chini ya Blanketi

"Shoga, eti ni kweli unashonea mabomba nguo?" jirani yake, fundi cherehani, alimuuliza siku moja wakianika nguo uani.

"Kweli kabisa. Na hayajawahi kulalamika kwamba nimeyabana kiunoni."

Walicheka mpaka vibanio vikawaponyoka. Lakini ndiyo kazi iliyomlelea watoto, na kazini walimwita Mama Blanketi. Katika kituo cha umeme alikofanya kazi, mtambo mkubwa huchoma gesi, na moshi wake hutoka ukiwa moto wa kuunguza. Zamani moshi huo ulipaa ukapotelea angani na joto lake lote. Siku hizi hupitishwa kwanza kwenye boila, maji yakachemka, na mvuke ukazungusha mtambo wa pili. Umeme mwingine bila kuchoma gesi nyingine. Mama Blanketi alishona mablanketi mazito yasiyoshika moto ya kufunika mabomba, mvuke usipoe njiani. Kwake, kutupa kitu ambacho Mungu amekwisha kukitoa kilikuwa kama kufuru.

Kila blanketi la kwenye kiungio cha bomba huachiwa tundu chini, upana wa kidole. Kiungio kikivuja, maji hudondokea hapo, na fundi bomba anayekagua kila wiki huyaona. Mama Blanketi hakuwahi kulipenda tundu hilo. Kila alipoweka kiganja chini yake akasikia joto likimpumulia, roho ilimuuma. Basi kwenye kiungio kimoja karibu na boila, akalishona. Mishono sita tu.

Miezi mitatu baadaye kiungio kile kikapasuka. Mungu alisitiri, hapakuwa na mtu chini yake, ila mtambo wa pili ukazimwa siku nne. Daftari la ukaguzi likafunguliwa: fundi bomba ameandika "salama" kila wiki.

"Dada, nilikagua," alimwambia Mama Blanketi nje ya ofisi, akiikunjakunja kofia yake. "Pale juu giza, napapasa kwa glavu. Pakiwa pakavu, naandika pakavu. Wakubwa wanasema nilikuwa naandika nimekaa kivulini. Kesho nafukuzwa."

Mama Blanketi alikwenda stoo, akalikuta blanketi limetupwa pembeni, limelowa, zito kama mtoto aliyelala. Akaligeuza. Uzi wake ule ule, mishono sita, na hakuna aliyekuwa ameiangalia. Mfukoni alikuwa na wembe wa kazi. Akautoa. Akaomba Mungu amwonyeshe njia, ingawa njia alikuwa anaiona.

Akaurudisha wembe mfukoni, akalibeba blanketi begani mpaka kwa mhandisi mkuu, likichuruzika korido nzima.

"Mama, jamani! Sakafu yangu!"

"Nisamehe, mwanangu. Tazama hapa kwanza."

Mhandisi akainama. Akaipitisha kalamu juu ya mishono, mmoja mmoja, kisha akakaa.

"Nani mwingine ameiona hii?"

"Mungu. Na sasa wewe."

"Kwa nini, mama? Wewe wa miaka kumi na tisa kazini?"

"Niliona joto linapotea. Nikajifanya najua kuliko waliosema tundu liwepo."

"Unajua anayestahili kufukuzwa hapa ni nani?"

"Najua."

Mhandisi akashusha pumzi. "Sasa unataka nifanye nini?"

"Naomba uandike kwamba tundu nililishona mimi, na umwite fundi bomba sasa hivi, kabla hajafika nyumbani kumwambia mkewe."