Tag ya kijani haikumkinga ng'ombe wangu na homa ya kupe

Jumapili moja ya Machi, saa kumi na dakika kumi jioni, ndio haya mambo yalianza.

Wakuu, hamjambo. Mimi huwa nasoma tu hapa kimya kimya, hata kubonyeza like huwa naogopa. Niko form three, kwetu ni Subukia. Nimeandika hii story kwa diary mara kadhaa na bado inanikalia kifuani, kwa hivyo wacha niiweke hapa. Sijaongeza chumvi. Ningekuwa naongeza, ningeipatia mwisho mzuri.

Hiyo Jumapili Daktari Naliaka alikuja kwetu kutoka Nakuru. Si daktari wa kutibu. Anafanya utafiti wa ng'ombe.

Nianze na ng'ombe wenyewe.

Shosho, yaani nyanya yangu, alikuwa na ng'ombe anaitwa Nyange. East Coast, ile homa inaletwa na kupe, imefagia maboma ya watu huku kwetu mara nyingi, lakini Nyange hakuwahi hata kukosa kula. Akazaa dume, tukamwita Solo. Karibu kila boma upande wetu iko na mtoto wa Solo. Baadhi yao ni wagumu kama Nyange. Wengine wakiugua, wanakufa kama ng'ombe wa mtu yeyote.

Hiyo tofauti ndiyo ilimleta daktari. Alikuwa amechukua damu ya watoto wa Solo walio hai, na vipande vya masikio ya waliokufa, wale watu walikumbuka kumpigia kabla ya kuzika.

Tukaweka viti nje akatueleza. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango, lakini nilisikia kila kitu. Nitasema vile nilielewa, wenye mmesoma mnirekebishe.

Chromosome huja mbili mbili. Kwa kila jozi, Solo alipata moja kwa Nyange na moja kwa baba yake. Akizalisha, kila mtoto anapata mchanganyiko: kipande hiki cha nyanya, kile cha babu. Daktari anapima alama mahali pengi, na kila mahali anauliza kitu kimoja. Waliopona walipata kipande cha nani? Waliokufa je? Kama hapo hakuna kitu kinachosaidia, itakuwa kama kurusha shilingi, karibu nusu kwa nusu.

Sehemu moja haikuwa nusu kwa nusu. Wengi wa waliopona walikuwa na kipande cha Nyange.

"Kwa hivyo gene mmeishika," Baba akasema.

"Tumeshika mtaa, mlango bado," daktari akajibu. "Ni kama uambiwe mtu anaishi Bondeni. Utabisha nyumba ngapi? Na hayuko peke yake, mzee. Kuna gene zingine nyingi, kila moja inasukuma kidogo tu."

Baba Kim, jirani yetu, akasema, "Mimi nadhani ni gene ya shosho. Si huyu pia amekataa kufa?"

"Nikuzike kwanza," Shosho akamwambia, na watu wakacheka.

Sasa shida ilianzia hapa. Ili asichanganyikiwe na kazi yake, daktari alikuwa ameweka watoto wa Solo tag za rangi mbili kwa sikio. Kijani ni wenye kipande cha Nyange. Njano ni wenye hawana. Baba akauliza maana ya rangi, na yeye hakumficha.

Toffee alikuwa kijani.

Toffee ni wangu. Shosho alinipea akiwa ndama, nilipoingia form one, akaniambia, "Huyu ndio college yako, mchunge." Hiyo Machi alikuwa na mimba ya kwanza. Kila mtu nyumbani alijua maziwa yake ndio yatanipeleka mbele, kwa sababu hakuna mpango mwingine.

Wakuu, hizo tag zilifanya watu waanze kuringa. Ukipita kwa jirani unaulizwa yenu ni rangi gani. Kuna mzee alisema ng'ombe za mahari ya binti yake lazima zije na kijani, na hakuwa anatania.

Baba naye akaacha kupulizia za kijani dawa ya kupe. Dawa yote iende kwa za njano, ndizo dhaifu.

Mimi huwa sibishani na Baba. Hiyo siku nilijaribu.

"Baba, daktari alisema wengi. Hakusema wote."

"Kati yangu na wewe, nani alimwona Nyange?"

"Ni wewe."

"Niliwahi kumwona akiugua?"

"Hapana."

"Basi peleka majani."

Simlaumu sana. Aliamini macho yake, halafu akaletewa sayansi inayosema macho yake ni sawa.

Wiki chache baadaye Toffee alianza kusimama mbali na majani. Nikamshika chini ya sikio, kulikuwa na uvimbe. Vet akaitwa, akadunga sindano, lakini hakuahidi kitu. Pumzi ikawa nzito. Povu likaanza kutoka puani. Alikufa Alhamisi mchana, kichwa kikiwa kwa miguu ya Shosho.

Baba alienda nyuma ya store akakaa huko.

Daktari alifika jioni. Hata yeye alikuwa na macho mekundu. Nikamuuliza, na ni mara ya kwanza nilikuwa nimemwongelesha, kama walikosea kupima.

Akasema hapana. Alama alikuwa nayo. Lakini alama si gene, ni jirani wa gene. Wakati mwingine kipande hukatika katikati, mnyama anapata alama na gene inabaki upande ule mwingine. "Ama gene alikuwa nayo na haikutosha. Kwa mmoja siwezi kujua. Naweza tu kusema juu ya wengi."

Halafu akasema, polepole, kwamba anahitaji kipande cha sikio. Hesabu yake inataka waliokufa kama inavyotaka waliopona.

Shosho akamwangalia. "Kata. Lakini mwandike vizuri. Alikuwa na ndama ndani."

Somo langu ni hili, na si eti utafiti ni mbaya. Ukiambiwa kitu kuhusu familia nzima, usikichukue kama ahadi kwa yule mmoja amesimama mbele yako. Mimi niliielewa mapema na haikunisaidia, kwa hivyo pia sijui kuelewa kunasaidia nini.

Mwenye amewahi kupewa matokeo kama haya, uko Gilgil ama popote, aniambie aliwaelezaje watu wa nyumbani wakamsikia. Na college, kama kuna mtu ako na njia, nitasoma comments zote hata kama sijibu.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya wengine, nikachanganya dawa, nikabeba pampu. Tulikuwa tumebaki na ndama wawili wa kijani. Nilikuwa kwa wa kwanza Baba akatoka. Akashika kamba, akageuza kichwa cha ndama kwangu, akafungua sikio kwa vidole, huko ndani kupe hupenda kukaa. Nikapuliza.