Nggih Si Ndiyo

Rotua hakuwa mtu wa kukaa. Chuo kilituletea wanafunzi tisa walale nyumbani kwangu siku arobaini, wafanye kazi na wanakijiji kabla ya kuhitimu. Wanane walijua mkeka ni wa nini. Yeye alikula wima, sahani mkononi, akizunguka jiko langu mpaka kuku wakahamia uani. Wenzake walimchagua kiongozi kwa sababu ya sauti yake. Ni Mbataki, mtu wa kisiwa cha Sumatra, si wa huku kwetu tunakosema chinichini. Akikuamkia tu, jirani anadhani mnagombana.

Kazi yao ilikuwa moja: kulaza bomba la maji kutoka chemchemi hadi kitongojini, mita mia sita, na mtaro uchimbwe na wenyeji wenyewe. Mhadhiri angekuja siku ya arobaini. Maji yasipotoka, wote tisa wangerudia mwakani, na Rotua alikwisha kumwahidi mama yake kwamba mwaka huu ndio wa joho.

Akaitisha mkutano. Akaeleza, akachora, akauliza, "Jumapili saa moja asubuhi, sote?" Ukumbi mzima ukajibu, "Nggih." Mume wangu Wakidi alijibu. Na mimi nilijibu, tena kwa tabasamu.

Jumapili hakuja mtu. Jumapili ya pili wakaja wawili, mmoja anatafuta mbuzi wake.

Rotua akarudi na matope mpaka magotini, akamfokea mmoja wa wenzake. "Galih, si nilikwambia uwakumbushe?"

"Niliwakumbusha, mkuu. Wakasema nggih."

"Basi hukusema kwa nguvu!"

"Nguvu zote umechukua wewe. Sisi umetuachia pumzi tu."

Wenzao wakacheka. Yeye akabandika ratiba nyingine ukutani, ya tatu hiyo, akaanza tena kuzunguka.

Mimi nilikuwa nakuna nazi, na roho inanisuta. Kwetu nggih ni "nimekusikia." Kukubali ni jambo jingine, lina siku yake. Na tulikuwa na sababu. Wanafunzi wa mwaka juzi walitujengea tangi la saruji, wakaandika majina yao, wakapiga picha, wakaenda zao. Tangi lile halijaonja maji hata siku moja. Kuku wangu wanatagia humo. Na mimi na goti langu hili bovu bado tulipanda chemchemini kila asubuhi na ndoo mbili.

Siku ya thelathini na moja nikachoka naye. "Rotua, keti."

"Bu, mama yangu, sina muda wa kukaa."

"Ndiyo maana huna watu."

Akasimama tuli. Nikamwuliza, "Nyumba ya pili wana arusi. Wanawake wote wako jikoni pale tangu juzi. Umeingia mara ngapi?"

"Nimepita, nikabandika tangazo."

"Salaale! Asiyekuwapo na lake halipo, mwanangu. Chukua kisu."

Nikamketisha penye kapu la vitunguu, ubavuni mwa Bibi Painah, ambaye ulimi wake haujawahi kuomba radhi. Rotua akaanza kumenya, mguu wake hautulii. Painah akamchokoza, "Vipi, leo ratiba imekufa?"

"Imekufa, Bibi. Najua kuwapangia watu, kuwaomba sijui. Niambieni nimekosea wapi." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuna aliyeuliza kama ni vitunguu.

"Wenzako walitujengea banda la kuku," Painah akasema, jiko zima likaangua kicheko. "Ukishaondoka, bomba likipasuka, tumpigie nani kelele?"

Rotua akaweka kisu chini. "Sijui. Hapa nani anajua mabomba?"

"Mume wa Tukinem. Kafanya ufundi bomba mjini miaka kumi. Hukuuliza?"

Tukinem ni mimi. Rotua akanigeukia. Siku thelathini na moja alikuwa amelala chini ya paa la fundi bomba. Nikainamia vitunguu vyangu. Aibu ile ilikuwa yetu sote wawili.

Jioni hiyo akakaa mkekani, akamwuliza Wakidi, akamsikiliza mpaka mwisho. Mchoro wake ulipitia kwenye mwamba, Wakidi akaupitisha kando. Jumapili wanawake wakawatoa waume zao vitandani, Wakidi akawa mbele na Rotua akawa anabeba udongo. Siku ya thelathini na tisa bomba likakohoa, likatema tope, kisha maji. Painah akayaonja, akasema yana ladha ya plastiki, akajaza ndoo mbili. Mhadhiri alipokuja kesho yake akamkuta Wakidi anafunga koki, akadhani ndiye kiongozi. Rotua hakumsahihisha.

Asubuhi ya kuondoka alinishika mikono yote miwili. Goti langu lilikuwa limepumzika siku mbili, nami tayari nilikuwa nimemzoea mtoto wa watu na kelele zake. Nikamwuliza, "Mwakani, baada ya mavuno, utakuja kutuona?"

Akainamisha kichwa kama tunavyoinamisha sisi, akatabasamu, akasema taratibu, "Nggih, Bu."

Alikuwa amejifunza vizuri mno. Nikafungua bomba, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.