Pasipoti ya Mwaka Mmoja

Nikisikia mtu anamwita Eustache mjinga, damu inanichemka. Majuzi kuna mama mmoja hapa mtaani kwetu Biryogo kaja kushonesha gauni, hata kipimo sijachukua, akaanza: "Leila, yule mpangaji wako mpishi, si alikuwa ameshafika Mombasa? Nani anatoka Mombasa anarudi Kigali?" Nikamrudishia kitambaa chake. Nikamwambia mafundi wamejaa mjini, akatafute mwingine.

Eustache alikuja kwangu na mkewe Béatha wakiwa maharusi, wakachukua vyumba viwili vya nyuma, na tangu wiki ile ua wangu ukawa unanukia siagi na sukari. Kazi yake ilikuwa keki. Alikuwa yatima, akafundishwa na masista wa misheni kule Butare, halafu hoteli moja ya mjini ikamchukua. Wazungu wakila keki yake walikuwa wanaomba atoke jikoni wamuone. Anatoka, anainamisha kichwa, anasema merci, anarudi zake. Mtu mpole mpaka anakera! Siku moja nikamwambia, "Eustache, watoto wangu wamekula keki ya mteja wako." Akanijibu, "Basi imefika kwa wenyewe, Mama Sauda." Nikamsonya, akacheka.

Oktoba ya mwaka wa tisini, vita vilipoanza kule mpakani, askari wakamchukua. Kitambulisho chake kiliandikwa Mtutsi, na siku hizo hilo peke yake lilitosha uitwe icyitso, msaliti wa ndani anayewasaidia waliovamia. Waliwajaza watu katika uwanja wa mpira, jua lao, mvua yao. Alipoachiliwa alikuwa hana meno mawili ya mbele, na hakuwahi kunieleza yalitokaje. Béatha alimwambia neno moja tu: tutoke. Kuanzia hapo hakuwa na ndoto nyingine.

Na mlango wa kutokea ukaja kutoka baharini, wallahi, kwetu sisi ambao bahari tunaisikia redioni. Kulikuwa na Mkenya mmoja, Zephaniah, aliyewahi kupika naye hotelini. Alirudi kwao Mombasa akapata kazi kwa wakala wa meli za watalii, zile kubwa zinazowazungusha wazungu bandari hata bandari, wao kazi yao kula na kuota jua. Akapiga simu hotelini: meli inataka mpishi wa keki, njoo wewe kwanza, ukishakaa vizuri utamvuta mkeo. Ila uje na karatasi zako zote.

Karatasi! Wakati ule, kwa mtu mwenye kitambulisho kama chake, heri ungekwenda kuomba figo ya mkubwa mwenyewe kuliko pasipoti. Lete cheti cha komuni, ofisi ya wilaya yenu. Lete cheti cha tabia njema. Njoo kesho, njoo Jumatatu, bwana mkubwa ametoka. Viatu vilimwishia kwa kwenda na kurudi. Mpaka mapatano ya Arusha ya kumaliza vita yalipotiwa saini, mwezi wa nane wa mwaka wa tisini na tatu, ndipo wakalegea kidogo, akaitwa kuhojiwa.

Jioni ya kuamkia siku hiyo ua mzima ulikaa kumfundisha. Sisi watu wa hapa tuna elimu moja ambayo hatukuipata shuleni: mbele ya serikali, sema kidogo. Ukiulizwa una mbuzi wangapi, punguza. Ukiulizwa unakwenda wapi, taja karibu. Mzee Mutabazi, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu. "Kijana wangu, ukisema unakwenda kukaa, watakuuliza unamfuata nani huko. Wewe sema unakwenda na kurudi." Wote tukaitikia, ndiyo, ndiyo, hiyo ndiyo akili. Na ilikuwa akili kweli. Watu walikuwa wamefungwa kwa jibu refu.

Kesho yake ofisa wa pasipoti alimtazama sana. "Rwanda iko na bahari?"

"Hapana, bwana."

"Sasa weye unatafuta nini kwa meli?"

"Kupika keki, bwana."

"Utakaa huko muda gani?"

Eustache akajibu kama alivyofundishwa. "Kidogo tu, bwana. Mwaka hautaisha, nitakuwa nimerudi."

Basi akaandikiwa hivyo hivyo, pasipoti ya mwaka mmoja. Alikuja nayo nyumbani kaishika kwa mikono miwili, tukapiga vigelegele mpaka wapita njia wakadhani ni harusi. Mzee Mutabazi akasema, "Mnaona? Adabu inalipa." Hakuna aliyeitazama tarehe. Sisi tulikuwa tunatazama picha, jinsi alivyofunga mdomo kuficha pengo.

Zikafuata chanjo ya homa ya manjano na kadi yake, ruhusa ya kupita Tanzania, viza ya Kenya, na kila moja ilikula miezi yake. Mwezi wa tatu mwaka huu ndipo meli ilipokuwa inapita Mombasa. Akapanda basi la Rusumo, mpakani, akazunguka Tanzania, akafika. Aliiona bahari kwa macho yake. Zephaniah akampeleka kwenye ofisi ya meli akiwa amevaa shati nililomshonea mimi.

Kumbe meli za watalii zina sheria yao. Pasipoti lazima iwe na miezi sita ya uhai baada ya siku ya mwisho ya safari. Ziko bandari zinazomkataa mwenye pungufu, na akikataliwa, meli ndiyo inayotozwa faini na kulazimishwa kumrudisha kwao. Mtalii ni hivyo, mpishi ni hivyo. Ya Eustache ilikuwa inakufa mwezi wa nane. Karani wa meli akaifunga, akamrudishia. Alinisimulia kwamba palikuwa na mzee wa kizungu amekataliwa kwa kosa lilo hilo, anapiga meza, anadai apigiwe simu balozi wake. Eustache hakupiga meza. Angempigia nani?

Zephaniah akamwambia, "Ndugu yangu, meli inarudi mwezi wa tano. Nafasi yako nitaishikilia kwa meno. Nenda walikokupa hiyo pasipoti, wakupe ndefu." Viza yake ya Kenya ilikuwa ya kupita tu, nayo ilikuwa inaisha. Na mkewe alikuwa huku, mjamzito. Sasa mnaomwita mjinga, nyinyi mngefanya nini? Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini. Alirudi zizini, na wenye zizi walikuwa wananoa visu.

Alifika wiki moja kabla ya Pasaka. Akaenda kwa ofisa yule yule, na safari hii hakupunguza kitu. Alisema yote: meli, mkataba, mke, miaka mitano. Ofisa akaitia pasipoti kwenye saraka. "Njoo baada ya Pasaka. Alhamisi." Alirudi anacheka kama mtoto. "Mama Sauda, nimesema kweli tupu, wala hakunikemea!" Nilifurahi naye. Nilifurahi kabisa, Mungu ndiye shahidi.

Jumatano ndege ya rais ikaangushwa. Alhamisi redio ikasema kila mtu abaki nyumbani kwake, na mji wote ukawa risasi na mayowe, Watutsi wanasakwa nyumba hadi nyumba. Béatha nilimvika buibui langu, nikasema ni dada yangu wa Bujumbura amekuja kujifungulia kwangu. Eustache nikamficha stoo nyuma ya majora ya vitambaa. Ningemfanya nani? Mtaa mzima ulimjua.

Walikuja Jumamosi, na wengine ni vijana tuliowalea humu humu. Wakatuweka uani, wakasema wanajua mpishi yuko, na asipotoka watachoma nyumba na watoto wangu ndani. Nikaapa hayupo. Nikaapa tena. Mmoja akaanza kumwaga petroli mlangoni. Ndipo Eustache akatoka mwenyewe, akasema, "Mwenye nyumba hakujua kama nimo." Hata pale alikuwa ananisetiri.

"Kitambulisho!"

Meli ilimtaka pasipoti, viza, kadi ya chanjo, na miezi sita juu. Hawa walitaka karatasi moja tu. Alikuwa nayo mfukoni, na ile haikuwa na tarehe ya kuisha.

Wakamtoa mpaka barabarani. Béatha alikuwa amekaa pembeni yangu, kajifunika buibui, anasikia kila kitu, na hakuweza hata kulia. Dada wa Bujumbura atamlilia mpangaji kwa nini?