Mstari wa Shingoni

Mwaka 1972, kwenye matete ya ziwa, kusini mwa mji wetu wa Rumonge, nilishika mkono wa maiti nikausogeza kwa sababu ulikuwa unaniharibia mchoro. Ulikuwa umelala juu ya mdomo na kidevu. Niliuweka ubavuni, nikafuta kiganja changu kwenye suruali, nikarudi nilipokuwa nimeketi na kuendelea. Sikusoma dua. Kitu cha kwanza nilichotafuta kilikuwa mwanga.

Naliweka jambo hilo mbele kwa sababu watu hunisifu. Husema mkono wangu una baraka. Mkono wenyewe ndio huo.

Nilianza kuchora miaka michache kabla ya Uhuru, nyumbani kwetu katika mtaa wa Waswahili, kwa wino wa kuiba. Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Wanafunzi wake waliandika aya kwenye mbao kwa kalamu za tete, wakishahifadhi wanaziosha na kuandika upya. Wino ulikuwa masizi ya chini ya sufuria, yaliyosagwa na kuchanganywa na utomvu wa mti na maji. Ukikaa siku tatu kwenye joto la ziwa hunuka kama yai viza. Mimi niliipenda harufu hiyo. Ikinifika puani vidole vilianza kuwasha, na sikutulia mpaka nichore kitu: mbuzi, mwanamke anayepepeta, hata jicho tu la samaki. Wengine huita hali hiyo kipaji. Mimi naiona kama upele. Unajikuna, unasikia raha, unatoka damu, unajikuna tena. Huo ndio uchafu wangu wa kwanza.

Siku baba alipokuta uso wa jirani yetu nyuma ya ubao wa chuo, hakunipiga. Aliutazama, akauliza, "Huyu ni nani amemuumba?"

"Ni mimi, baba."

"Basi Siku ya Kiyama utaambiwa umutie roho. Utaitoa wapi?"

"Sina."

"Najua huna."

Alichukua kalamu akapiga mstari mnene kukata shingo ya yule jirani. Kisichokuwa na shingo nzima, alisema, hakihesabiwi kuwa kiumbe. Tukaafikiana hivyo bila kuandikiana: naruhusiwa kuchora, na kila mtu na kila mnyama nitamkata shingo. Mstari ulitakiwa uwe na upana wa kidole. Baba alikuwa akikagua, na akiona nimeufanya mwembamba aliunenepesha mwenyewe.

Baada ya Uhuru mkono wangu ulipata wateja. Mwalimu aliyesomesha watu wazima alitaka picha za kuwekea maneno chini yake: mwanamume anavuta wavu, mwanamke anachemsha mawese. Wenye harusi walitaka sura zao ukutani. Hapo nilijifunza uchafu wa pili. Hakuna aliyekuja kuchorwa kama alivyo. Asiye na meno nilimpa meno. Mwenye alama za ndui nilimlainisha. Mashavu yaliyoingia niliyajaza. Nilifanya hivyo mpaka nikawa sioni tena uso wa mtu, naona tu mahali pa kurekebisha, kama fundi cherehani anayetazama gauni la mwenzake.

Jirani yetu wa upande wa ziwa, fundi wa mitumbwi, ndiye niliyemchora mara nyingi kuliko wote. Alikuwa na umri wa kuweza kuwa kaka yangu mkubwa, na alikuja mwenyewe kuketi kwenye kigoda chetu bila kualikwa. Kila nikimaliza alishika karatasi na kupiga kelele.

"Bwana picha, umenichinja tena! Hata kuku anasomewa bismillahi kwanza!"

Mkewe alijibu kutoka uani kwao, "Muchinje vizuri, shemeji, huyo anakula sana!"

Alikuwa na kovu la kuungua. Utotoni alimwagikiwa na mawese ya moto, na ngozi ilikuwa imejikunja kutoka chini ya sikio hadi kwenye koromeo, inang'aa kama ya mtu aliyepakwa mafuta. Alilionea haya. Siku moja aliniambia kwamba mpiga picha wa Bujumbura alilionyesha kovu lote, kwa hiyo picha ile aliichana. "Wewe peke yako unanijulia," alisema. "Mustari wa baba yako unanifunika vizuri." Nilimchora labda mara saba. Kovu lile sikulichora hata mara moja.

Kisha ikaja 1972. Watu wenye silaha waliingia mji wetu wakaua. Baada yao wakaja askari, na mauaji mengine yakaanza. Kamyo, malori ya askari, zilipita na wanaume waliopandishwa, hazikuwarudisha. Usiku na mchana mashua zilijaa watu wanaokimbilia ng'ambo, Kigoma. Fundi wa mitumbwi alikuwa ameondoka siku mbili kabla, kwenda kijiji cha Gatete kutafuta mbao. Mkewe alikaa mlangoni akimngoja. Wiki ya pili alikuwa bado anapika chakula cha watu wawili.

Na mimi? Mimi niliishiwa kalamu. Siwezi kuipamba sababu hii. Mji ulikuwa unanuka, mbwa walikuwa wamenenepa, na mimi nilichukua kisu na kutoka kwenda kukata matete, kwa kuwa vidole vilikuwa vinawasha na kalamu zote zilikuwa zimepasuka. Nilichukua pia kaye, daftari langu la kuchorea, na kichupa cha wino, jinsi mtu mwingine anavyochukua tumbaku.

Yule maiti alikuwa amelala chali kati ya matete, miguu majini. Ziwa lilikuwa limemfanyia kazi kwa siku kadhaa. Uso ulikuwa umevimba, macho hayakuwa macho, na samaki wadogo walikuwa wamekula kingo za masikio. Nzi walimfunika kiasi kwamba nilipokaribia waliinuka kama kitambaa. Nilitapika. Nilisukutua kwa maji yale yale ya ziwa, hatua chache kutoka kwake, kisha nikaketi kwenye jiwe na kufungua kaye.

Nilichora kwa muda wa kuchemsha maharage. Nikasogeza ule mkono wake, kama nilivyosema. Na kwa kuwa uso ulikuwa umevimba, niliupunguza uvimbe. Sikukusudia kudanganya, kalamu ilikwenda yenyewe palipozoea. Nilimrudishia kope. Nilimfunga mdomo. Nilipofika shingoni nikapiga mstari, upana wa kidole, bila kutazama, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati lake.

Halafu nikaenda nyumbani. Mama alikuwa amepika ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nilikula nikashiba.

Kesho yake nilimweleza baba, tukaenda na sanda na jembe. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na matete yaliyolala na alama ya kitu kilichoburutwa, ama kwenda majini, ama kwenda barabarani. Baba alikunja sanda, akanitazama. Nilijua anachouliza: kwa nini jana, badala ya kukimbia kuita watu, nilikaa.

Mchoro niliuficha chini ya mkeka, na kila siku niliutoa kuuangalia. Huo ndio uchafu wa tatu, na unanichefua kuliko ule wa kwanza na wa pili. Nilikuwa nauona mzuri. Ulikuwa mzuri kupita yote niliyowahi kuchora.

Mama aliukuta akifagia. Kabla ya adhuhuri mke wa fundi alikuwa amesimama uani kwetu.

"Shemeji, leta ile karatasi."

Nilimpa. Alikaa chini, akaiweka gotini.

"Ni yeye?"

"Sijui, shemeji."

"Hujui namna gani? Mume wangu umemuchora mara ngapi? Unajua hata nywele za pua yake!"

"Alikuwa amevimba."

"Hapa hajavimba."

Alipitisha kidole kwenye shavu la mchoro.

"Hapa ana sura ya bwana harusi. Kila mutu kwako iko bwana harusi." Aliinamia shingo. "Kovu iko wapi? Chini ya hii mustari kuna nini?"

"Sikutazama."

"Ondoa mustari."

"Hauwezi kuondoka."

"Si ni wino wa chuo? Watoto wanauosha kila siku!"

Akalowesha kidole mdomoni akaanza kusugua. Wino ulikubali, kama unavyokubali kwenye mbao. Mstari ulipanuka ukawa doa, doa likapanda kidevuni na kushuka kifuani, na yeye aliendelea kusugua kana kwamba chini yake kuna ngozi. Karatasi ilipotoboka alisimama. Kidole chake kilikuwa cheusi hadi kwenye kifundo. Alikifuta kwenye ukuta wetu.

Alichotaka hakikuwa picha. Alitaka kujua kama ni mjane. Kama mumewe amekufa, atakaa eda, miezi minne na siku kumi, kisha atakuwa huru na maisha yake. Kama hajulikani alipo, yeye ni mke wa mtu, leo na mwakani na miaka inayokuja. Alimwendea baba ampe hukumu. Baba aliniita barazani mbele yake.

"Uliona kovu?"

"Sikuona."

"Hukuona kwa kuwa halikuwepo, ama kwa kuwa hukuangalia?"

"Sikuangalia, baba."

"Ulikaa naye muda gani?"

Nikamwambia. Mke wa fundi alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeuma jiwe ndani ya wali.

"Muda wote huo," alisema, "na shingo yake hukuiona."

Baba aliinamisha kichwa. Alisema hawezi kumfanya mwanamke mjane kwa ushahidi wa mtu aliyetazama bila kuona. Amngoje mumewe. Sikumsikia akitaja mstari, wala nani aliyenifundisha kuupiga.

Mwezi uliofuata mke wa fundi alivuka ziwa na wanawake wengine. Alipanda mashua amevaa kitenge chake cha njano, si nguo ya eda. Hakutuaga.

Baba ameshafariki. Mwaka jana mfanyabiashara wa chumvi alinitafuta akiwa na salamu za mke wa fundi kutoka Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Kuna mtu mwema, baharia, amemposa, na mashehe wa huko wanasema neno langu litatosha, mradi niseme moja tu: ni yeye, au si yeye. Mfanyabiashara amekuja mara tatu kuuliza. Mara ya mwisho alinikuta nachora, akangoja mpaka nikamaliza, akaondoka bila jibu.