Kistuli cha Saa Kumi na Moja

Mwenzangu wa cherehani ya pili ana maneno mengi na mkono mwepesi; suruali ya kupunguza kiuno huimaliza kabla mwenyewe hajamaliza soda yake. Binti yake wa miaka saba tunamwita Uzi, kwa wembamba. Na huyo Uzi alikuwa mtundu kupindukia. Aliwahi kukata mkono wa shati la mteja ili amshonee mwanasesere gauni, kisha akatukazia macho makavu: "Panya hao."

Siku hizo mwenzangu alikuwa akimchapa kwa rula ya mbao, ile ile ya kuchorea nguo. Hadi siku moja akanyoosha mkono kuichukua, apige tu mstari wa pindo, na mtoto aliyekuwa amekaa karibu akajifunika kichwa kwa mikono miwili. Mwenzangu hakushona tena siku ile. Kesho yake alikuja na rula ya plastiki, akaweka kistuli kando ya meza ya pasi, akatangaza sheria: kila saa kumi na moja jioni, Uzi akikaa hapo akasema kweli, hapigwi. Kilichoharibika watakitengeneza pamoja.

Nilicheka hadi nikajichoma sindano. Lakini mambo yakaenda. Uzi alikiri kuiba sukari, akakiri daftari la mwenzake alilolichanachana, wakakaa yeye na mama yake wakaligundisha ukurasa kwa ukurasa.

Tatizo lilikuwa mchana. Shule ikitoka, mtoto alishinda na bibi yake, mama mzazi wa mwenzangu, ambaye alimleta kwetu jioni. Mwenzangu alimwomba mbele yangu: "Mama, nakuomba usimpige. Akikosea, mwache aniambie mwenyewe."

"Mwanangu, nimekupa neno langu," alijibu. Kabla ya kuondoka akaiomba ile rula ya zamani, akaegemezee dirisha lake lisilotulia. Mimi ndiye niliyemfungia kwenye gazeti.

Wiki mbili hazikuisha, Uzi akakaa kwenye kistuli akasema, "Bibi ananipiga."

Bibi alikuwa pale pale mlangoni. "Mimi? Jamani, mtoto huyu atanizulia makubwa!" Akatokwa na machozi, machozi ya kweli kabisa. Mwenzangu akanitazama. Nami, kwa kimbelembele changu, nikadakia, "Si ndiye huyu wa panya?" Basi mtoto akapigishwa magoti, akamwomba bibi yake radhi.

Tangu hapo Uzi akawa mtoto wa mfano. Anakuja, anakaa, mama yake anamuuliza, "Haya, leo kuna nini?"

"Leo hakuna."

Hakati kitu, hagusi kitu. Mwenzangu akawa anawapa wateja darasa: watoto hawataki fimbo, wanataka kusikilizwa. Mimi pembeni naitikia kwa kichwa.

Jumatatu iliyopita alikuwa anampima Uzi sare mpya. Kiuno, sawa. Alipofika kwenye urefu wa sketi, akapandisha kidogo ile ya zamani, akaona mstari mweusi kwenye paja, umenyooka, na mwingine juu yake. Mikono ya fundi haina subira: aliuwekea utepe wa kupimia kabla hajafikiri. "Inchi moja na robo," akasoma kwa sauti, kama anavyonisomea vipimo vyote niandike. Nikaandika. Kisha wote wawili tukaitambua ile rula ya mbao, maana upana ule tuliushika mkononi kila siku kwa miaka sita.

"Sijasema mimi," Uzi akawahi. "Umeona mwenyewe, mama."

Bibi alikuwa anajipepea mlangoni. Safari hii wala hakukana. "Si ametulia? Si mwenyewe unamsifu kwa watu? Wewe nilikulea hivyo hivyo, mbona hukufa?"

"Ulinipa neno lako, Mama. Ukalia mbele yangu."

"Nililia kwa sababu ulinihoji mbele ya mtoto."

Mwenzangu alimwambia aende, na kwamba kuanzia kesho mtoto atashinda hapa kazini. Sauti yake haikupanda. Ningekuwa mimi ningeng'oa paa, na hadi leo nikimwona bibi yule salamu hainitoki. Ila nikikumbuka maneno yangu ya panya, nanywea.

Kisha mwenzangu akakaa yeye kwenye kistuli, magoti yakimfika kidevuni, mtoto amesimama mbele yake. "Leo mwenye kosa ni mimi. Ulisema kweli, nami nikakuombesha radhi. Nisamehe, mwanangu. Sasa niambie yote, hata kama ni mengi. Nitakuamini."

Uzi alimwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akatazama mlango aliotokea bibi yake. Akaishusha sketi taratibu mpaka ikafunika paja.

"Leo hakuna," akasema.