Kibuyu Changu na Mtindi wa Mgiriki

Mume wangu alikuwa hanusi kitu. Ungeweza kuunguza ugali mbele yake asijue. Zamani alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge. Mgiriki alipouza shamba, wenye shamba wapya wakamtupa kwenye chumba cha kusugua nyuzi, na vumbi lile likamla pua, likashuka mpaka kifuani. Tukahamia Kinondoni, enzi hizo za Mwingereza, tukitafuta kazi yoyote isiyo ya mkonge. Kurudi kule ilikuwa kwenda kufa. Alijua yeye, nilijua mie.

Siku moja akaja anahema. Kulikuwa na memsabu wa Kigiriki, Oysterbay, anatafuta mpishi. Amemtaka amletee mtindi wa matango, ule wanaoulia nyama ya kuchoma kwao. Ukimpendeza, kazi anayo. Alisema ule anaupika hata akiwa amefumba macho, akacheka. Nilikuwa nimeshasahau kicheko chake.

Akanielekeza niyagandishe maziwa kwenye sufuria safi, nisiongeze lolote. Sasa mie ni Mgogo. Kwetu maziwa ya mgeni hugandishwa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa makaa ya moto, mpaka ndani kikanukia moshi. Ya sufuria ni ya kumpa paka. Nikasema moyoni, huyu Mngoni anajua nini habari za maziwa? Alipotoka kwenda kuuliza vibarua bandarini, nikayatia kwenye kibuyu changu. Siku ya tatu nikayamimina sufuriani kabla hajaamka. Nilijiona mjanja kweli.

Asubuhi akaanza kazi. Mtindi akaumimina kwenye kitambaa cha marekani, akakining'iniza msumarini, maji yakachuruzika mpaka ukabaki mzito wa kusimamisha kijiko. Matango akayamenya, akayakwaruza kwa kopo alilolitoboa kwa misumari, akayatia chumvi, akayakamua mpaka mishipa ya mikono ikamtoka. Akatwanga kitunguu saumu, akatia siki kidogo, na mafuta ya zeituni aliyopewa na memsabu kwenye kichupa. Nilipenda kumtazama akipika, nasema kweli. Kisha akaninyooshea kijiko.

"Onja wewe, mie pua sina. Usinifiche."

Nikaonja. Ulikuwa mtamu, una moshi wake kama wa nyumbani kwa mama yangu.

"Safi kabisa," nikamwambia.

Akaupeleka Oysterbay, na adhuhuri akarudi na bakuli limejaa vile vile. Alinieleza kwamba memsabu alionja, akanusa kijiko, akanusa na bakuli, akasema na mumewe kwa Kigiriki, kisha akamrudishia. Sababu hakumpa, naye hakuthubutu kuuliza. Mie nilijua papo hapo.

Alikaa kizingitini akiviangalia viganja vyake. "Mkono wangu umekufa," akasema. "Upishi umenitoka pamoja na pua."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema ni kibuyu, tugandishe upya, nenda kamwombe tena, na huenda memsabu angekubali. Kumwogopa, sikumwogopa, hakuwahi hata kunifokea. Niliona aibu tu. Aibu ya kipumbavu, ya mtu aliyejifanya anajua. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ilipofika nikasema keshokutwa. Yeye akawa hapiki tena hata uji, nikimpa kisu akate kitunguu anakirudisha chini. Wiki haijaisha, akaenda kuandikisha jina kwa watu wa mkonge.

Loo, mie! Nilikuwa na siku nne nzima baada ya hapo, na mdomo ninao.

Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza mpaka kwenye lori lao. Wenzake walikuwa wameshapanda, wengine vijana watupu wanataniana. Yeye alikohoa, akatema pembeni, akafunika kwa mchanga nisione. Kisha akanivuta kando.

"Siku ile uliponiambia safi," akasema, "nilikuja kuelewa baadaye kwamba ulikuwa unanitia moyo tu. Ulijua kwamba sijaweza. Ahsante, mke wangu."

Nikamwambia aende salama. Mkataba hakuumaliza, kifua kilimuua huko huko, na mpaka wanamzika alikuwa akiamini hajui kupika.