Dang'a ya Agnela

Ng'ombe alizaa alfajiri. Ndama jike, mwekundu kama mama yake. Ebenezer alipiga magoti bandani, juu ya majani ya migomba, akamshukuru Mungu kwa Kimeru. Mkewe, Agnela, ndiye aliyemngoja ndama huyo kuliko wote. Kila jioni alikuwa akimpapasa ng'ombe tumbo na kusema, "Akiwa jike ni wangu," mpaka kifua kilipombana wakamteremsha hospitalini Nkoaranga.

Daktari alikuwa amesema dawa peke yake haitoshi, kwamba mwili usiokula hauna nguvu za kupigana. Lakini Agnela alitapika kila alichopewa.

Ebenezer akakumbuka alivyougua surua utotoni, na mama yake akamlisha dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito, ya manjano, yaliyochemshwa hadi yakaganda kama yai. Basi akakamua yote. Ndama aliyekuwa akihangaika kutafuta chuchu akamfunga pembeni, akamnywesha uji mwepesi.

"Vumilia kidogo, mama," alimwambia. "Mwenzako anaumwa."

Hospitalini Agnela aliila dang'a iliyochemshwa hadi akakwangua bakuli, na hakutapika.

"Mtoto amenyonya?"

"Ameshiba mpaka anayumba."

"Baba Esther, usinidanganye."

"Nikudanganye kwa ajili ya ndama?"

Akacheka. Ebenezer hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu alazwe.

Kesho yake ndama alianza kuhara. Eliud, bwana mifugo, alipofika alimkuta amelala, masikio ya baridi.

"Shikamoo, mzee. Dang'a alipata saa ngapi?"

Ebenezer alitazama ndoo.

"Ndama huzaliwa hana kinga, mzee," Eliud alisema taratibu. "Huinywa kwa mama yake, siku ileile. Ikipita, imepita."

Walimnywesha maji ya chumvi na sukari. Kabla ya jua kuzama Ebenezer alikuwa akichimba shimo kati ya mikahawa.

Aliporudi wodini na mtori wa ndizi, Agnela alikuwa ameketi, uso umeanza kunawiri.

"Ile dang'a imeniinua. Binti yangu hajambo?"

Njiani alikuwa amepanga uongo mzuri. Akauacha.

"Amekufa, Mama Esther. Hakunyonya. Yake ulikula wewe."

Agnela aliweka kijiko chini. Akatazama dirishani, kule mlimani kwao.

"Kula," Ebenezer alisihi. "Nakuomba, kula tu."

Akakiokota kijiko. Alikula mtori wote, machozi yakidondokea bakulini, na hakumtazama mumewe hata mara moja.